Gharama ya Tovuti na Haki ya Fundi



Chama kinachotaka kuwa na tovuti hakina budi kujua kwanza kile kinachonunuliwa.

Chukulieni mfano wa chama cha akiba na mikopo huko Mbagala, wilayani Temeke. Bodi imetenga shilingi 150,000. Kwa fedha hizo inataka habari za chama, picha, fomu za mkopo, na mahali ambapo kila mwanachama ataona akiba yake. Fundi anapotaja bei ya juu zaidi, mjumbe huuliza: "Mbona Facebook ni bure?"

Swali hilo lina jibu. Facebook hupata fedha zake kutoka kwa wafanyabiashara wanaotangaza bidhaa. Tovuti ya chama haina matangazo hayo; wa kuigharimia ni chama chenyewe.

Gharama hizo ni za namna tatu. Kwanza, jina la tovuti, kwa mfano linaloishia na .or.tz, hulipiwa kila mwaka. Nafasi ya kuhifadhi kurasa kadhalika. Pili, ni kazi ya fundi. Ikiwa kazi ni ya siku 20, shilingi 150,000 ni sawa na 7,500 kwa siku, kabla ya kutoa umeme, intaneti na nauli. Tatu, ni matunzo, kwani tovuti iliyotelekezwa huwafungulia wezi mlango.

Kuonyesha akiba za wanachama ni kazi nyingine kubwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai taarifa hizo zilindwe. Ulinzi huo hauwezi kuombwa kama nyongeza ya bure.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, katibu aandike mahitaji ya chama na kuyapanga kwa umuhimu. Fedha zikiwa chache, kianze na kurasa tatu. Mkataba utaje malipo ya kila hatua na ya kila mwaka, na jina la tovuti lisajiliwe kwa chama, si kwa fundi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

KNCU ilipoandikishwa mwaka 1933, wakulima wa Kilimanjaro waliungana ili kahawa yao ipate bei ya haki. Leo chama ndicho mnunuzi, na jasho linalouzwa ni la fundi. Kumpunja ni kuusaliti ushirika wenyewe.