Mlango wa Bunge ni wa nani, na makuta yake inapita wapi?

Maneno yenye yalisemwa mbele ya wanamemba na marafiki wa harakati, Bunia



Najua wengine mumeacha pikipiki kwa parking, wengine mumefunga kwanza meza ya unité. Sitasema murefu.

Leo tunaongea juu ya Palais du Peuple, kule Kinshasa. Ile nyumba ilijengwa kwa musaada wa Wachina, ikamalizika mwaka 1979. Ndani yake munakaa Bunge la taifa na wabunge wake 500, pamoja na Seneti. Jina lenyewe linasema: ni jumba la watu. Lakini jaribu kufika pale kwa mlango bila kujua mukubwa fulani, utaona kama iko yako kweli.

Munakumbuka mwezi wa 12 mwaka 2020. FCC na watu wa CACH walipigania kiti cha mwenyekiti wa Bunge. Viti vikarushwa ndani ya ukumbi, watu wakaumia, inje polisi na vijana wa vyama wakasukumana. Tarehe 10, Bi Jeanine Mabunda akaondolewa kwa kura 281 juu ya 200. Kila upande ulisema mwingine njo alileta fujo. Sisi hatukuwa wa upande wowote, na leo hatuko. Lakini tulipata somo: mwenye kushika mlango wa Bunge anaweza kushika pia kura zenye zinapigwa ndani. Kama mubunge anapiga kura na anaogopa kutoka inje, ile kura si yake tena, na si yetu.

Sasa makuta. Katiba yetu, kifungu cha 100, inasema kila chumba cha Bunge kiko na uhuru wa kuongoza kazi yake na feza yake, tena kiko na fungu lake mwenyewe. Kifungu cha 109 kinasema malipo ya mubunge inapaswa kumupa uhuru na heshima, na iandikwe ndani ya sheria ya bajeti. Iandikwe! Mwezi wa 6 mwaka 2021, wabunge walipata jeep za Palisade. Inchi muzima ikauliza: nani amelipa, na anangojea nini? Njo pale hatari iko. Mubunge mwenye anapokea zawadi kutoka kwa mutu mwenye anapaswa kumuchunguza, atauliza swali gani kesho?

Kati yetu wenyewe hatuko na wazo moja. Kuna wandugu wanasema: tukate makuta yote ya Bunge, tuwape walimu na waaskari. Ninasikia hasira yao, naiheshimu. Lakini Bunge lenye njaa litaenda kuomba kwa Raisi ao kwa tajiri, na mwenye kulisha njo mwenye kuamuru. Wengine wanasema: tuweke polisi wengi zaidi, tufunge mlango. Nao nauliza: polisi wa nani? Wenye kusikia Biro ya Bunge, ao wenye kungojea simu ya chama?

Na sisi wa Ituri tunauliza zaidi. Tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021, tuko chini ya état de siège, sisi na Kivu ya Kaskazini. Katiba inasema ni siku 30, kisha inaweza kuongezwa siku 15, na Bunge njo linaruhusu. Tangu pale wameongeza, wakaongeza tena, mpaka tumechoka kuhesabu. Bunge letu la jimbo likasimamishwa. Mwezi wa 2 mwaka 2022, kule Plaine Savo, wakimbizi zaidi ya 50 waliuawa usiku ndani ya kambi. Wale hawakuwa na mlango wa kufunga. Njo maana, wakati wabunge wanabishana juu ya usalama wa jumba lao, tuko na haki ya kuuliza juu ya usalama wa mahema yetu.

Basi tunaomba vitu vitatu.

Kwanza: hesabu ya kila chumba cha Bunge itangazwe wazi, franga kwa franga, na kila zawadi iandikwe jina la mwenye kuitoa.

Pili: polisi wa Palais wasikie Biro peke yake, na vijana wa chama chochote wasisimame kwa mlango.

Tatu: vikao ni vya watu wote, basi mwanainchi mwenye karte yake aingie, akae, asikilize.

Session ya bajeti inaanza tarehe 15 mwezi wa 9, inafungwa tarehe 15 mwezi wa 12. Kisha wabunge wanarudi huku kwetu, na wanapenda kupigiwa makofi. Safari hii tusipige makofi mbele. Tumukaribishe mubunge wetu vizuri, tumupe kiti, tumuulize: ulipokea nini, kutoka kwa nani, na ulipiga kura gani juu ya état de siège? Tuandike jibu lake mbele ya watu.

Bila jiwe, bila tusi, bila kuogopa. Jumba ni la watu, na watu ni sisi.