Kipandauso na Saumu: Ni Ipi Dawa ya Kukinga?



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi, kuna mwenzetu ambaye kila Ramadhani, ikifika alasiri kichwa kinamgonga upande mmoja, mwanga unamuudhi, anatapika. Huyo si mvivu wa ibada. Ana kipandauso. Njaa, kiu, usingizi mchache na kukosa chai ghafla ndivyo vinavyokiamsha.

Wengi wetu tukishafuturu tunameza dawa za maumivu. Tahadharini! Ukizimeza siku 15 au zaidi kila mwezi, zenyewe huleta maumivu ya kichwa.

Ziko dawa za kukinga, zinywewazo kila siku ili kipandauso kisije mara kwa mara. Tuzilinganishe.

Propranololi ni dawa ya presha na moyo. Mwenye pumu asiiguse, na anayeitumia asiiache ghafla. Amitriptilini hunywewa usiku kwa kiwango kidogo. Inamfaa asiyelala vizuri, lakini hukausha kinywa, na daku huyo lazima aamshwe! Topiramati ni ya kifafa. Inataka maji mengi kwa sababu inaweza kuleta mawe ya figo, basi kwa mfungaji ni nzito. Valproati pia ni ya kifafa. Hizi mbili humdhuru mtoto tumboni, kwa hivyo dada anayeweza kushika mimba amwambie daktari mapema. Sindano mpya zilizoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 2018 ni nzuri, ila bei yake ni kali.

Hakuna inayong'oa ugonjwa kabisa. Ikipunguza siku za maumivu kwa nusu, imefanya kazi, na hilo huchukua miezi 2 au 3. Basi muone daktari tangu Rajabu, usingoje mwezi uandame. Hapa Kakamega tuko karibu na ikweta, saumu yetu haifiki saa 14. Muulize: dozi yangu yaweza kugawanywa futari na daku? Usijipangie mwenyewe, wala usiiache dawa kwa sababu umefunga.

Na akishindwa je? Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Basi wazazi, msimwambie mtoto "jikaze tu". Mpelekeni hospitali.

Wabillahi tawfiq.