Nyota hazimtaki mzima peke yake

Leo nasema nawe kijana mwenye selimundu, unayezijua nyusi za usiku kuliko sisi tunaolala. Unatamani kupiga picha nyota, nyumbani wanakwambia huwezi. Kwani nani anasimama? Ni simu! Ifunge kwenye stendi ya miguu mitatu, uielekeze Kilimia, ile ile ya wakulima na mabaharia wetu, inayoonekana jioni mwezi wa Januari. Chagua siku za hilali, maana mwezi mpevu huzififisha nyota. Kila picha iwe ya sekunde 10. Ukizidisha sana, nyota zitavutika kama uzi kwa sababu dunia inazunguka. Piga 30 hivi, kisha programu ya bure ya kompyuta kama Siril izipange ziwe picha moja.

Lakini baridi na upungufu wa maji huamsha maumivu. Basi iache simu ijipige yenyewe, wewe rudi ndani, jifunike, unywe maji. (Nawe mama, usimfungie mlango, mpe blanketi.) Mwili ukikataa baada ya picha 8, acha, uzihifadhi. Usiku mwingine utapiga Kilimia hiyo hiyo, na programu itazijumlisha na hizi 8.