Umoja wa kisiasa wa Afrika ya Mashariki: sisi tuliorudi tuko na la kusema

(Maneno yaliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Kalemie)



Tangu mwaka 2022 naulizwa swali moja kila ninakopita: ile Jumuiya ya Afrika ya Mashariki tuliyoingia, inatuletea nini? Wengine wamesikia kwenye redio kwamba nchi hizi nane zinataka kufikia kuwa chini ya serikali moja, wanaogopa. Wengine wanacheka. Mimi sicheki. Chama chetu kiko na watu waliozaliwa hapa, wakakulia Lugufu ao Nyarugusu, wakarudi na watoto wanaosoma Kiswahili vizuri lakini Kifaransa kinawashinda. Mambo ya mpaka tunayajua kwa miili yetu, si kwa vitabu.

Historia kidogo, sitakaa hapo sana. Tarehe 5 Juni 1963, pale Nairobi, Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza kwamba kabla ya mwaka kwisha watakuwa na shirikisho moja. Mwaka ukaisha, shirikisho hakuna. Mwaka 1967 wakaunda Jumuiya ya kwanza: reli, posta, ndege, vyote pamoja. Amin akampindua Obote mwaka 1971, Nyerere akakataa kukaa naye meza moja, na mwaka 1977 yote ikavunjika. Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Nilipousoma, kilichonishika ni ukurasa wa mwanzo. Waliouandika wanakubali wenyewe kwamba ile ya kwanza ilikufa kwa sababu wakubwa hawakuwa na nia ya kutosha, faida haikugawanywa sawa, na wafanyabiashara pamoja na vyama vya raia hawakushirikishwa vya kutosha. Vyama vya raia, njo sisi hapa.

Mkataba ule umeweka ngazi nne: umoja wa forodha, soko la pamoja, sarafu moja, na mwisho shirikisho la kisiasa. Forodha ilianza 2005, soko 2010. Sarafu ilikubaliwa 2013 na ilipaswa kutoka 2024. Mifukoni mwetu tungali na franka na dola. Mei 2017 marais wakaona shirikisho liko mbali, wakachagua kupitia kwanza konfederasio. Maana yake: kila nchi inabaki na rais wake, bendera yake, jeshi lake, lakini mambo fulani yaliyokubaliwa yanaamuliwa pamoja. Wataalamu wa kuandika katiba ya konfederasio walianza kusikiliza raia Burundi, Januari 2020. Kongo tulitia sahihi tarehe 8 Aprili 2022, kazi ile ikiwa imekwisha kuanza. Tumefika wageni kwenye karamu, wengine wamekwisha kunawa mikono.

Sasa tushuke kwenye mambo yetu. Protokole ya soko la pamoja inampa raia wa nchi moja haki ya kuingia nchi nyingine, kutafuta kazi, kufungua biashara, kukaa. Inasema pia diploma za nchi moja zitambuliwe kwa nyingine. Mzazi aliyerudi na cheti cha mtoto kutoka Kigoma, akaambiwa mtoto arudi madarasa mawili nyuma, anajua thamani ya mstari huo. Lakini kwanza uonyeshe kwamba wewe ni raia. Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana tangu 2014 kwamba watu wao wapite kwa kitambulisho cha taifa tu. Sisi, kwa miaka mingi, kitambulisho chetu ni kadi ya uchaguzi. Asiyekuwa hapa siku ya kuandikishwa hana hata hiyo, na wengi wetu hatukuwa hapa.

Kuna mambo mawili ndani ya protokole ile ambayo watu wanayapita haraka. La kwanza: ardhi imebaki chini ya sheria ya kila nchi. Kwa hiyo wewe uliyerudi ukakuta shamba la baba lina mwenyewe mpya, usingojee Arusha. Kesi yako iko hapa, kwa chifu na kwa tribinali. La pili linaniuma zaidi. Inasema wakimbizi watafuata mikataba ya kimataifa inayowahusu. Ukiangalia vizuri: Mukongomani mwenye pasipoti, anayevuka na mzigo wa samaki, ni raia wa Jumuiya. Ndugu yake aliyebaki Nyarugusu, wa nchi ileile, wa tumbo moja, ni mkimbizi kwanza, na hatoki kambini bila kibali. Mbele ya 2022 hali ilikuwa vile, na nyuma ya 2022 imebaki vile. Umoja wa kisiasa ambao unamsahau yule, sisi hatuwezi kuupigia makofi.

Najua swali lingine mulilo nalo, maana kwenye vikundi vya AVEC linatoka kila mara: umoja na nani? Na wale wanaotupiga? Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, Februari ikafuata Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba jeshi la Rwanda liko nyuma ya M23; Kigali inakana. Kikosi cha Jumuiya kilikuja Novemba 2022, kikaondoka Desemba 2023, Kinshasa ikiwa haikutaka kukiongezea muda. Na munajua marais wa Jumuiya wanaamua namna gani? Kwa kukubaliana wote. Anayeshitakiwa anakaa mezani, akisema hapana, neno limekwama.

Wengine wanatoka hapo na kusema tutoke Jumuiya. Mimi siko nao. Tukitoka, mpaka unabaki palepale, jirani anabaki palepale, na sisi tunapoteza hata pale pa kumshitaki. Kwani Kongo imepeleka kesi juu ya Rwanda mahakamani Arusha, na mlango ule si wa serikali tu. Mtu yeyote anayekaa ndani ya nchi mwanachama anaweza kushitaki sheria ao tendo la serikali linalovunja mkataba, bila kumaliza kwanza tribinali za nyumbani. Lakini ni ndani ya miezi miwili tu tangu jambo litendeke ao ulijue. Wanaharakati wengi hawajui hiyo miezi miwili, wanafika wamechelewa.

Mahakama ile iko na nguvu kiasi gani? Mwaka 2006 Wakenya, Anyang' Nyong'o na wenzake, waliishitaki Kenya kwa namna ilivyowachagua wabunge wake wa Jumuiya. Mahakama ikasimamisha kuapishwa kwao, na mwaka uliofuata ikawapa haki walioshitaki. Marais walikasirika, wakabadilisha mkataba haraka kuwabana majaji. Hapo munaona mahali wakubwa wanaogopa. Na wabunge wale, 9 kwa kila nchi, wanachaguliwa mpaka leo na mabunge ya nchi zao. Ni nani kati yenu anajua majina ya wale 9 wa Kongo? (Watu wakacheka, hakuna aliyejibu.)

Kwa hiyo komite inapendekeza tuandike barua kwa wale wanaotengeneza katiba, tusingojee watufikie. Ndani yake: wabunge wa Jumuiya wachaguliwe na raia, nchi inayoshitakiwa kuvunja amani isikate kauli juu ya kesi yake yenyewe, na mkimbizi wa nchi mwanachama apewe haki ya kutembea na kufanya kazi kama raia wengine. Najua hilo la tatu Tanzania haitalipenda, imebeba wakimbizi miaka mingi na iko na sababu zake. Tuliandike tu, kwa heshima, na asante kwa yale waliyotutendea.

Tutaandika kwa Kiswahili, mkataba wenyewe unakitambua, na kopi kwa Kifaransa. Kila kundi la AVEC lisome, lizidishe ao lipunguze, na karani apate majibu mbele ya mkutano wa mwezi ujao. Wenye diploma ao vyeti vya Tanzania vilivyokataliwa hapa, leteni fotokopi. Orijinali zibaki nyumbani.