Matende na Mabusha: Hotuba kwa Wanachama na Majirani



Dukani kwetu alikuwapo mchukuzi aliyetutumikia miaka mingi. Kila baada ya miezi michache alishikwa na homa ya ghafla, akatetemeka, asionekane kazini siku nne au tano. Tulimdhania mvivu, tukamkata ujira. Siku moja alipovua kiatu tukauona mguu: umevimba, unawaka moto, hata kuugusa hatukuweza bila yeye kulia. Ndipo tulipofahamu kwamba tulikuwa tukimtoza faini kwa ugonjwa wake.

Wazee wetu waliotoka Gujarat waliujua. Waliuita hathipago, mguu wa tembo. Hapa pwani ni matende, na ukishuka kwenye korodani ni busha. Huletwa na minyoo midogo sana ipitishwayo na mbu. Madafu hayana hatia, wala jirani hakukuroga.

Tusilolijua, hata muuguzi alipotufundisha, ni hili: minyoo huharibu mishipa ya limfu, mguu ukakosa kinga, kisha vijidudu vingine huingia kwa nyufa baina ya vidole. Hao ndio waletao ile homa, na kila homa huuacha mguu mnene zaidi. Basi dawa kubwa ni sabuni ya kawaida na maji safi, kila siku. Kisha kukausha polepole kwa kitambaa safi, kidole kimoja kimoja, kupaka dawa penye ufa au fangasi, kuuinua mguu uketipo na ulalapo, na kuvaa viatu visivyobana. Homa ikija, mguu upoozwe kwa maji baridi na upumzishwe, mgonjwa anywe maji kwa wingi na apelekwe hospitali, maana huenda akahitaji antibiotiki. Asichanjwe wembe kamwe.

Vidonge vya kingatiba vya kila mwaka huzuia ugonjwa usienee, lakini mguu uliokwisha kuvimba haviurudishi ulivyokuwa. Busha huondolewa kwa upasuaji; inasikitisha kuona mwanamume akilificha chini ya kanzu miaka kumi kwa aibu.

Mchukuzi wetu tulimrudishia fedha zake. Sasa ni mlinzi wa ghala, mguu wake juu ya kigoda. Beseni lake na sabuni vimo stoo, nyuma ya magunia ya mchele.