Tusitoboe Ekzosi za Bodaboda

Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250 mwaka 2008, ni vigumu kupata mwethya hapa Machakos usio na kijana wa bodaboda.

Vijana wetu humwambia fundi wa jua kali atoboe ekzosi au ang'oe vyuma vya ndani, ati pikipiki ipate nguvu ya kupanda Mua na joto lipungue. Sisi hatukubaliani nao. Moshi ukitoka kwa wepesi kuliko kabureta ilivyopimwa, injini huvuta hewa nyingi kuliko petroli, na hapo inachemka zaidi. (Na kelele je? Hata kuku hawalali.) Pikipiki ikikosa nguvu, angalieni kwanza chujio la hewa, maana vumbi letu mnalijua, halafu masizi ndani ya ekzosi. Masizi yakiwa na oili mbichi, huenda ringi za pistoni zimekwisha. Kutoboa hakutibu hilo.

Joto linalotuumiza ni la mguu. Akina mama, ile alama kwenye shavu la mguu wa kulia mnaijua. Fundi afunge bati la kukinga, akiacha nafasi ya kidole ili hewa ipite. Msizungushie kitambaa: kinashika maji, bomba linaoza. Abiria apande na kushuka kushoto.

Mtu akiungua, mmwagieni maji safi ya baridi dakika 20, si dawa ya meno wala unga. Akiwa mtoto, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo.