Gamba la Kaa na Mwendo Wake

Leo nataka kusema habari za kaa, ambaye watu wa Kunduchi, Kinondoni, na wa Mtoni, Temeke, humwona katika matope ya mikoko maji yatokapo.

Kaa hana mfupa ndani. Gamba la nje ndilo mifupa yake, na nyama zimeshikamana nalo kwa ndani. Ana miguu 8 ya kwendea, na magando 2 ya kushikia chakula na kupigania. Viungo vya miguu hukunjika kama bawaba ya mlango, kuelekea ubavuni. Ndiyo sababu huenda upande, na miguu yake haikwazani. Kaa mkubwa wa mikoko ana miguu 2 ya nyuma iliyo bapa kama kafi, naye huogelea kwayo.

Lakini gamba halikui. Kaa akitaka kukua hana budi kulivua, na lile jipya ni laini. Siku hizo nyama hazina kitu kigumu cha kuvuta. Hawezi kukimbia wala kubana kwa nguvu, hujificha tu.

Basi mvuvi akimfukua kaa laini, amwache. Nyama yake ni chache, imejaa maji. Akingojewa atakuwa mkubwa kuliko kwanza. Tena mashimo ya kaa huingiza hewa katika matope, mizizi ya mikoko ikanufaika. Mkata mikoko naye amemvunjia kaa maficho yake.

Waalimu, waonyesheni watoto gamba lililovuliwa, wajue maana yake.